Pa Kula Karibu na Ngome

Kikundi chetu cha akina mama kimepanga kwenda kutembea Mombasa. Siku mbili tu: kuziona zile Pembe za tembo za barabarani, kuiona Ngome, kuvuka feri na kurudi, kisha basi mpaka Voi. Kazi niliyopewa mimi ni ndogo, na kwa maoni ya wenzangu ndiyo tamu kuliko zote. Nitafute hoteli nzuri karibu na kila pahali tutakaposimama kutazama, maana wengine wetu wana sukari, wengine presha, na hakuna mwenye magoti ya kuzunguka juani na njaa. "Wewe umefanya kazi Mombasa miaka," waliniambia. "Unajua wanakopika." Nikakubali, kwa kuwa kukataa kungenipa maswali mengi zaidi. Nikachukua daftari nikaandika "Pembe", chini yake nikaandika "Ngome", na hapo mkono ukagoma. Wiki ya pili hii. Mwenyekiti amenipigia simu mara tatu, na mara zote nimemwambia bado naulizia bei. Ni uongo. Orodha hiyo niliiona zamani, imeandikwa kwa mkono wa baba yangu, na sijapata raha ya kuiandika upya.

Kwetu ni Makwasinyi, chini ya mlima Kasigau. Baba alikuwa karani katika shamba la mkonge, akija nyumbani mwisho wa mwezi na kalamu mbili mfukoni, na alipenda kila jambo liandikwe kabla halijafanyika. Mama alilima. Mimi nilikuwa mtoto wa pekee, meno ya mbele yameng'oka, na nilijiona mjuzi wa mambo ya watu wazima kwa sababu hakuna aliyekuwa nyumbani wa kunipinga.

Mwaka ule Mama alianza kuringa. Ndivyo nilivyoelewa mimi. Kwanza alianza kula polepole, akishushia kila tonge kwa maji. Kisha akaacha ugali, akaacha nyama, akabaki na kimanga, ile mihogo na maharagwe inayopondwa pamoja, tena alikitaka kiwe laini kabisa. Baadaye hata kimanga alikisukuma kando. Alikuwa akikonda, lakini kwa mtoto mama hakondi, mama ni yule yule tu. Nilichokiona mimi ni mwanamke anayekataa chakula kizuri mbele za watu, na jambo hilo liliniumiza kwa sababu ya nyanya yangu.

Nyanya, mamake baba, alikuwa na sheria moja isiyovunjwa. Ukipewa chakula kwa watu, unakimaliza. Ukikibakisha, mwenye nyumba atajiuliza umeona nini ndani yake. Ni kama umemwambia machoni kwamba umemshuku, kwamba mikono yake si mizuri, na neno kama hilo likishaingia kati ya nyumba mbili halitoki kwa urahisi. Nyanya alinisimulia juu ya watu wawili wa ukoo mmoja ambao hawakusalimiana mpaka kufa kwa sababu ya nusu kibuyu cha uji kilichoachwa. Niliamini kila neno. Kwa hiyo tulipokwenda kwa watu na Mama akabakisha, nilikuwa nikimalizia mimi, haraka, kabla mwenyeji hajaja kuchukua vyombo. Hakuna aliyeniagiza. Nilijiona ninailinda nyumba yetu.

Siku moja Baba alikuja kabla ya mwisho wa mwezi na kusema tunakwenda Mombasa, sisi watatu. Mama anakwenda kuonwa na daktari, kisha tutatembea. Alikuwa amemwuliza mwenzake wa kazini, mtu aliyewahi kuwa mpishi huko, na ameandika karatasi nzima: pa kutazama upande huu, pa kula upande huu. "Kila pa kutazama pana pa kula karibu," alisema, akiikunja ile karatasi mara nne. Sikulala kwa furaha. Ninyi wa rika langu mnakumbuka uzito wa jina Mombasa katika masikio yetu, sisi ambao tuliona lori mara moja kwa wiki na tembo karibu kila siku.

Hospitalini niliachwa kwenye benchi la nje pamoja na kikapu chetu cha mkonge. Walikaa sana. Walipotoka, Baba alikuwa amemshika Mama mkono hadharani, jambo ambalo sikuwahi kuliona, na nikadhani ndivyo watu wanavyotembea mjini. Maneno ya daktari niliambiwa nikiwa mkubwa, lakini ni afadhali niyaseme sasa. Kulikuwa na uvimbe kooni, ulikuwa mkubwa, na wa kuuondoa hayuko. Kilichobaki ni kuangalia kama njia bado ipo. Akiweza kumaliza bakuli moja la chakula laini bila kurudisha, waende naye nyumbani, wamlishe hivyo hivyo polepole. Akishindwa, arudishwe asubuhi yake, apasuliwe tumboni, atiwe mpira wa kumpitishia chakula. Baba alitaka kujua kama huo mpira ungempa muda. Daktari alisema ungempa. Mama aliuliza kama angeruhusiwa kuondoka kitandani aende nao nyumbani, na daktari akasema itategemea, wengine hukaa pale muda mrefu.

Kwa hiyo siku ile tulikuwa na kazi moja, kutafuta chakula ambacho koo la Mama lingekubali, na jua lisituchwee kabla hatujakipata. Mimi peke yangu ndiye niliyedhani tunatembea.

Tulianza kwenye Pembe. Nilipoziona, kubwa, nyeupe, zimevuka barabara na magari yanapita chini yake, nilijificha nyuma ya Mama. Kwetu pembe zikionekana, mwili wa tembo uko nyuma yake, na mahindi yenu yamekwisha. Nilimwuliza Mama kama tembo wenyewe wamezikwa chini ya lami. Aliangalia juu muda mrefu.

"Hawa ndio waliomaliza shamba letu," alisema. "Na huku wamejengewa mlango."

Baba alicheka kupita kiasi, kisha akatoa karatasi. Hoteli ilikuwa upande wa pili wa barabara, na alipotusimamisha mlangoni alizungumza na mwenye hoteli kwa sauti ya chini kama mtu anayeomba kazi. Ililetwa supu, na chapati ya kuloweka ndani yake mpaka iwe uji. Tulipoketi, Mama akamwambia, "Nenda nje, Baba Saru. Ukinitazama koo linafunga." Akatoka. Nilimwona kupitia mlangoni, ametupa kisogo, mikono nyuma, akizikodolea macho zile Pembe kana kwamba ameambiwa atakuja kuulizwa habari zake. Mama alipeleka kijiko mdomoni, akafumba macho, akangoja. Kisha akakitemea kitambaa alichokificha chini ya leso yake. Alijaribu tena. Baada ya muda Baba alirudi, akainama.

"Imepita?"

"Haikupita."

Aligeuka kumlipa mwenye hoteli, na mimi nikaisogeza ile sahani nikaimaliza. Ilikuwa supu ya mbuzi, ina ndimu. Nilikuwa na furaha na aibu kwa pamoja, na nadhani furaha ilikuwa kubwa.

Tukaenda Likoni. Tulivuka feri bila kuwa na kazi ng'ambo, tukashuka, tukarudi nayo hiyo hiyo, ili Mama apate kusema amevuka bahari. Alikaa kwenye benchi ameshika chuma, akitazama maji kwa uso usiosema kitu. Hoteli ya pale ilikuwa ya mabati, na mwenye kupika alikuwa mtu wa kwetu bara, mkarimu, akatuletea wali na maharagwe ya nazi, na Baba akayaponda mwenyewe kwa mgongo wa kijiko mpaka hayakuwa na umbo. Kisha akatoka nje akatazama feri. Akarudi.

"Imepita?"

"Maji yake tu. Mengine yamekataa."

Nikamalizia. Tumbo lilikuwa limekaza mpaka nikalegeza mshipi wa gauni, lakini yule mpishi alikuwa akitutazama, na nilimfikiria nyanya. Tukitoka nilimwambia Mama neno ambalo ningelipa chochote nisiwe nimelisema.

"Mama, kwa nini unaringa? Watu wanakupikia, wewe unakataa."

Alisimama. Alicheka, na kile kicheko kikageuka kikohozi kilichomwinamisha mpaka akashika ukuta. Alipopata pumzi akaniwekea mkono kichwani. "Mimi naringa, Saru? Basi nisaidie. Nikishindwa, malizia wewe. Tusiwaudhi watu." Nikajisikia nimepewa cheo.

Tulifika Ngome alasiri. Hatukuingia ndani, Mama hakuwa na miguu ya ngazi. Aliketi kwenye jiwe kivulini, na Baba akasimama mbele yetu akatueleza aliyoambiwa na yule mwenzake, kwamba zamani watu walizingirwa mle ndani siku nyingi mpaka chakula kikawaishia, wakafa kwa njaa na maradhi huku bahari iko hapo mbele yao. Nadhani alikwisha kusema ndipo akasikia alichokisema.

"Wao walikosa chakula," Mama akasema. "Koo walikuwa nazo."

Hoteli ya tatu na ya mwisho katika ile karatasi ilikuwa karibu na Ngome, ukiingia vichochoro vya Mji wa Kale. Tulikuta wanauza vya kukaanga tu, viazi na samaki. Baba alisimama pale na karatasi mkononi. Aliuliza uji. Hakuna. Akauliza maziwa. Yamekwisha. Aliuliza tena uji, kama mtu ambaye hakusikia. Mwanamke mmoja aliyejitanda leso alikuwa ameketi mlangoni pake hatua chache kutoka pale, akipeta mchele, akamwita.

"Baba, wamtafutia nani uji?"

"Mama mtoto. Hawezi kumeza."

Yule mwanamke alimtazama Mama kuanzia uso hadi miguu, akaweka ungo chini. "Mimi nina mamangu hapa ndani, mtu mzima, humpikia uji wa mchele kila siku. Wa leo umebaki bakuli moja. Haya, ingieni, mwanangu, ingieni. Wala usitie mkono mfukoni, uji huu hauuzwi."

Ndani kulikuwa na mkeka na ubaridi wa kuta nene. Alileta lile bakuli, uji mweupe wa tui, una sukari na pilipili manga juu yake. Alimwambia Mama, "Kunywa taratibu, mamangu, hapana anayekukimbiza," kisha akaingia chumba cha ndani kuswali. Baba alitoka nje bila kuambiwa. Tukabaki wawili.

Mama akapeleka kijiko cha kwanza. Akafumba macho, akangoja. Niliona shingo yake ikicheza. Alifumbua macho akanitazama kwa mshangao.

"Umepita," alisema.

Cha pili kilipita. Cha tatu kilichukua muda. Cha nne. Cha tano kilimtoa jasho, na baada ya hicho akaweka kijiko ndani ya bakuli, akaegemeza kichwa ukutani, akafumba macho, na machozi yakamtoka pembeni. Alikuwa anapumzika. Leo naliona hilo wazi kama ninavyoiona karatasi hii. Alikuwa anakusanya nguvu za kijiko cha sita. Lakini mimi siku ile nilikuwa nimeshaona mara mbili kijiko kikiwekwa chini, na nilijua maana yake: ameshindwa. Halafu nikasikia yule mwanamke anakunja msala wake chumbani. Hii haikuwa hoteli, ilikuwa nyumba ya mtu, na mtu mwenyewe ametupa bure chakula cha mamake. Atoke akute bakuli limejaa? Nililishika kwa mikono miwili nikalinywa lote, bila kupumua, mpaka pilipili manga ikanichoma puani. Ulikuwa mtamu kuliko vyote nilivyokula siku ile, na lazima niliandike hilo pia.

Nilipoliweka chini, Mama alikuwa amefumbua macho. Aliliangalia lile bakuli. Akaniangalia mimi. Sikuona hasira, na nimeitafuta ile hasira katika kumbukumbu zangu miaka hii yote bila kuiona. Alinyoosha mkono, akanipangusa mdomo kwa ncha ya leso yake, akalivuta bakuli upande wake.

Yule mwanamke akatoka. "Alhamdulillahi," alisema. "Kamaliza." Akaenda mlangoni akamwita Baba.

Baba aliingia amekunja uso tayari kwa jibu alilokwisha kulizoea. Mama akasema kabla hajaulizwa, "Nimemaliza."

"Bakuli zima?"

"Zima. Haya, twende nyumbani."

Baba aliketi chini pale pale kizingitini, akavua kofia akajifunika nayo uso, na mabega yake yakaanza kutikisika. Yule mwanamke alimwambia, "Mshukuru Mungu, baba, usilie," na mimi nikasimama katikati yao, tumbo limenijaa, nikijua kuna jambo limeharibika ila sijui ni lipi.

Hatukurudi hospitalini. Asubuhi tulipanda basi. Baba aliketi mbele, akamsimulia dereva na utingo habari za bakuli zima. Nyuma, Mama alinilaza mapajani pake akaniuliza polepole kama ule uji ulikuwa mtamu. Nikasema ndiyo. Akasema, "Ni vizuri." Tulipopita Mariakani akasema tena, si kwangu hasa, "Mimi nataka kulala kwetu." Yote hayo niliyasikia. Sikumwambia Baba, kwa kuwa hakuniuliza, na kwa kuwa hofu ilikuwa imeshanifunga mdomo.

Aliishi mpaka kunde zikatoa maua, basi. Na kilichoniua mimi katika siku zile si ugonjwa, ni Baba. Aliomba ruhusa kazini akaja kukaa nyumbani. Alinunua mchele Voi, nazi, sukari, na pilipili manga aliyoifunga katika karatasi, akaingia jikoni mwenyewe, mwanamume mzima wa Kitaita anakoroga sufuria huku majirani wanapita wakigeuza macho. Kila siku alimpelekea bakuli. Kila siku akatoka nje, akasimama akitazama mlima, akarudi.

"Umepita?"

"Haukupita."

Alikuwa akiuonja ule uji wake, akiuonja tena, anatikisa kichwa. "Kule alimaliza bakuli zima," alimwambia nyanya. "Kuna kitu yule mama alitia, mimi sikijui. Nakosea wapi?" Alipunguza sukari, akaongeza tui, akasaga mchele mara mbili. Aliwahi kusema atarudi Mombasa aende amwombe yule mwanamke amfundishe. Na mimi nilikuwa nimekaa pale pale karibu na mafiga, nikimsikia, nikichora chini kwa kijiti. Tulipomzika Mama chini ya mlima, Baba alisema mbele ya watu kwamba mkewe amekufa kwa sababu yeye hakujua kupika uji.

Majuto ni mjukuu, husemwa. Yangu yalinizalia mpaka vitukuu. Nilisoma, nikafanya kazi mjini, nikaolewa, nikazaa, na kila nilipokuja nyumbani niliapa kumwambia, nikaondoka sijamwambia. Alizeeka vizuri. Hakuoa tena.

Nilimwambia mwaka wake wa mwisho. Alikuwa amelala chumbani kwake Makwasinyi, mchana, mlango wazi, na alikuwa amekataa chakula tangu juzi yake. Alianza mwenyewe habari za Mama na bakuli zima, kama alivyozoea. Nikamkatiza. Nikamwambia yote, tangu sheria ya nyanya mpaka msala uliokuwa ukikunjwa. Nilisema nimeketi sakafuni, nimeshika mguu wa kitanda.

Aligeuza uso akanitazama.

"Yeye mwenyewe alimeza vijiko vingapi?"

"Vitano, Baba."

"Vitano." Akarudia tena kwa midomo tu. "Na hukuniambia."

"Nilikuwa mtoto."

"Najua. Wewe ulikuwa mtoto," alisema. "Mama yako hakuwa mtoto."

Kisha akageuza uso ukutani.